Kitanda cha Chini

Watu wa Mwisenge, hapa Musoma, wakisikia kwamba mtu amewahi kufika India, wanamgeuza ubalozi. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja ambaye mumewe anapelekwa kutibiwa figo. Akavuta kiti hapa dukani kwangu, akaniuliza, "Dada, zile treni za kule, mtu anakataga tiketi mwenyewe kwenye simu au unampa wakala?"

Nikamjibu, "Mpe wakala."

Akasubiri niendelee, nami sikuendelea. Nikamchapishia barua yake ya rufaa, nikaibana kwa pini, nikampa. Aliondoka akiamini ninaringa, na huenda sasa hivi anawasimulia majirani kwamba yule wa steshenari India imempanda kichwani. Aseme tu. Jibu refu ninalo, ila si la kumpa mtu ambaye mgonjwa wake bado yu hai.

Kazi yangu ni kujaza fomu za watu. Mkopo wa chuo, cheti cha kuzaliwa, maombi ya ajira, pasipoti, vyote hivyo vinapita mezani kwangu. Mtu anakaa pale, ananitajia jina la babu yake, mimi nabonyeza. Miaka yote hiyo nimekuwa wakala wa watu wanaoogopa kompyuta, na niseme ukweli, nilikuwa nawadharau kidogo. Nilimwona mtu mzima anayehitaji mwenzake amjazie jina lake mwenyewe kuwa mvivu. Kwa hiyo zamu yangu ilipofika, kule ugenini, nilijiapiza kwamba sitakaa kwenye kiti cha mteja. Mganga hajigangi, wazee walisema, lakini mimi niliona hayo ni mambo ya waganga.

Baba yangu alikuwa dereva wa halmashauri, Bunda. Alikuwa na umri wa aina mbili. Kwa serikali alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kwa mama yake, ambaye yupo hai kule kijijini Buswahili na ndiye aliyemzaa, alikuwa na sitini na minane. Tangazo la kazi lilipotoka zamani lilitaka kijana asiyezidi miaka ishirini na mitano, na yeye alikuwa na thelathini na mmoja, mke na watoto, na leseni ya magari makubwa. Akapunguza tisa. Mimi, mtoto wake wa kwanza, ndiyo kwanza nilikuwa nimefikisha miaka tisa, kwa hiyo ukipenda unaweza kusema kwamba alinipunguza mimi mzima mzima.

Kwa hesabu za serikali, basi, baba alinizaa akiwa na miaka kumi na mitatu. Nyumbani tulimtania sana. "Baba, ulikuwa darasa la sita au la saba?" Yeye hakucheka hata siku moja. Alitazama mlangoni kwanza, kama kuna mtu amesimama nje na faili. Tulipokuwa wadogo alitukalisha kila mwanzo wa mwaka, akatufundisha umri wake mpya kama vile mistari ya katekisimu, ili mtu akituuliza njiani tusimchome. Mtu aliyewaendesha maofisa wengi kwenye barabara mbovu za mkoa huu, anayeweza kuvuka mto uliojaa huku akipiga mluzi, alikuwa anaogopa namba. Aliamini kwamba siku watakayojua, watamfukuza na kumnyima kiinua mgongo, na miaka yote ile ya usukani itakuwa amelima shamba la mwenzake. Sijui kama ni kweli wangefanya hivyo. Hakuna aliyewahi kuuliza, maana kuuliza kwenyewe kungekuwa kujisema.

Ulipoanza kumuuma mgongo hatukushtuka. Dereva gani hana mgongo? Akapakwa dawa, akanywa mizizi, akabadilishiwa godoro. Tulipofika Mwanza wakampiga picha, ndipo tukaambiwa kwamba kilichokuwa mgongoni kilikuwa na jina, na kwamba hakikuanzia mgongoni. Ukoo ukachanga. Mimi nikakaa kwenye kompyuta hii hii nikamjazia pasipoti. Kwenye nafasi ya tarehe ya kuzaliwa nikaandika ile ya serikali, bila kumuuliza, kama nilivyofundishwa.

Kabla ya kuondoka tulikwenda Buswahili kumuaga bibi. Bibi alikuwa anachambua mtama kwenye ungo, na hakuinua kichwa haraka. Alimwambia, "Nenda. Mimi sihami. Utanikuta." Baba akamwambia atarudi na miguu yake. Mimi nimerithi jina la huyo bibi, kwa hiyo baba maisha yake yote aliniita mama. Siku ile tulikuwa mama wawili uani, na yeye katikati yetu, mzee wa miaka sitini na minane, akiahidi kama mtoto anayetumwa dukani.

Chennai, kule India, tulikaa majuma sita, kwenye nyumba ya wageni iliyojaa wagonjwa wa Afrika. Mwenye nyumba hakula chochote chenye roho, na siku niliyofungua mfuko wa dagaa niliobeba kutoka Musoma alisimama ngazini ameshika pua, akiuliza kama kuna kitu kimekufa. Baba alicheka mpaka akaomba nimshike mbavu. Nayakumbuka haya kwa sababu hayakuwa mengi.

Daktari wake alikuwa mtu mpole, wa sauti ya chini. Juma la sita alituita wote wawili, akafunga mafaili, akaweka mikono juu yake. Alisema dawa zimefika mwisho wa nguvu zake. Alisema, "Mpeleke nyumbani, na usikawie." Nilipogeuka kumtafsiria baba nikakuta ameshaelewa. Tulipotoka nje kwenye ngazi akaniambia neno moja tu: "Mama, nataka nimfikie mama nikiwa bado naongea."

Hakuomba kupona, hilo aliliacha mezani kwa daktari. Aliomba kufika, na kufika nilikuwa nimekabidhiwa mimi.

Ndege ya kurudi Dar tulikuwa nayo tayari, ya Jumamosi, ila ilikuwa inaondokea Mumbai. Kutoka Mumbai mpaka Chennai tulikuja kwa ndege ya ndani, na kukaa wima kwenye kile kiti chembamba kulimtesa baba hadi akauma kola ya shati lake. Akasema, "Ndege moja inatosha. Hiyo nyingine nipeleke kwa magurudumu." Daktari naye akakubali kwamba mgongo ule ulitaka kulala. Treni za India za masafa marefu zina vitanda, vya chini na vya juu, unalala usiku kucha mpaka ufike. Safari yetu ilikuwa ya zaidi ya saa ishirini. Baba alihitaji kitanda cha chini, maana cha juu kinapandwa kwa ngazi.

Mkabala na geti la hospitali kulikuwa na wakala wa tiketi. Kibanda chake kilikuwa chembamba kama hiki changu, kompyuta moja, kiti kimoja cha mteja, na picha ya mungu wake iliyovishwa maua. Kwa kuwahudumia watu wetu alikuwa ameokota maneno ya Kiswahili, akawa anamwambia kila anayeingia, "Karibu, pole sana," hata kama ni mzima. Nilimwacha baba kivulini kwenye kiti chake cha magurudumu, nikaingia, nikatoa pasipoti mbili.

Akazifungua. Akaitazama ya baba, akachungulia nje akamtazama baba mwenyewe, akarudi kwenye pasipoti. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Dada, huu umri wa baba ndio wa kweli?"

Mbele yangu sikuona tena muuza tiketi, nilimwona yule mtu wa faili tuliyemngoja mlangoni utoto wangu wote. Nikamwambia ni wa kweli, umeandikwa, hajui kusoma?

Akacheka. Hakuwa na ubaya, sasa naweza kusema hivyo. Akasema, "Basi alikupata akiwa na miaka kumi na mitatu."

Mzaha wetu wa nyumbani, neno kwa neno, kutoka kinywani mwa mtu baki. Nilinyakua zile pasipoti juu ya meza nikatoka. Nyuma yangu alikuwa anapaza sauti, "Dada, barua! Barua ya hospitali!" Nilisikia vizuri. Nikajiambia hao ndio madalali, leo barua, kesho muhuri, keshokutwa ada ya muhuri. Nikasukuma kiti cha baba kwa hasira hadi akaniuliza kama tunakimbizwa.

Kukata tiketi mwenyewe kulinichukua siku nzima, na aibu yangu ni kwamba nilifurahia. Mtandao ulitaka namba ya simu ya kule, nikanunua laini. Ulitaka nijisajili, ukatuma tarakimu za kuthibitisha, zikafika zimeshakufa. Ulitaka nisome herufi zilizopindapinda ili nithibitishe kwamba mimi ni mtu. Kadi ya benki ilikataa mara tatu, ya nne ikakubali. Mambo ya aina hiyo ndiyo chakula changu. Baba alilala kitandani akinitazama. Kila baada ya muda aliuliza, "Umeweza?" nami najibu, "Bado kidogo." Ile raha ya kushindana na fomu ikanisahaulisha fomu yenyewe ilikuwa ya nini.

Ilikuwa karibu na sikukuu yao kubwa na vitanda vya kawaida vilikuwa vimekwisha. Vilibaki vichache vya chini, vilivyotengwa kwa wazee. Mwanamke anahesabiwa mzee kuanzia miaka arobaini na mitano. Mwanamume, kuanzia sitini.

Mimi nina arobaini na sita. Mashine ikanipa kitanda cha chini papo hapo. Baba, ambaye kwa serikali alibakiza miezi michache kufika sitini, ikamtupa kwenye orodha ya kusubiri, namba tisa.

Nilicheka. Nikamwambia, "Baba, huku mimi ni bibi kizee, wewe ni kijana." Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akalicheka jambo hilo, akacheka hadi machozi, akasema, "Unaona? Nilikuwaga najua kuna siku utanipita."

Sikuwa na wasiwasi, na hapa ndipo mazoea yetu ya Bunda yaliponifunga macho. Stendi ya Bunda tiketi ni tiketi. Hata kama basi limejaa, ukishakuwa na karatasi mkononi konda hashindwi, atakutafutia kigoda, atakubana kwa mwenzako, na kufika utafika. Orodha ya kusubiri niliielewa hivyo. Kila asubuhi nilifungua simu nikamsomea. Tisa ikawa sita. Sita ikawa nne. Nne ikawa mbili. Siku moja kabla ya safari nikamwambia, "Baba, umekuwa namba moja."

Kwetu namba moja ni mtoto aliyewashinda wenzake wote. Baba akawaambia wagonjwa wa chumba cha pili, "Mimi nimekuwa namba moja." Wakampongeza. Mmoja wao, mama wa Kenya, akamletea ndizi. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua kwamba namba moja ya kusubiri ni sawa na namba mia. Treni ikikaribia kuondoka wanafunga orodha, na ukiwa bado unasubiri, tiketi inajifuta yenyewe.

Ujumbe ulifika tukiwa ndani ya teksi. Niliusoma mara mbili na sikumwambia. Niliamini katika yule konda wa Bunda.

Treni ilikuwa iondoke Ijumaa saa saba mchana, ilikuwa imeshasimama, ndefu kuliko nilivyodhani kitu kinaweza kuwa kirefu. Nje ya behewa letu palikuwa na mkaguzi amevaa koti jeusi, na karatasi zake mkononi. Mtu mzima, mwenye miwani, anayezungumza na abiria kwa taratibu. Nikamweleza. Akatazama jina langu, lipo. Jina la baba halipo. Nikamwomba baba alale kwenye kitanda changu, mimi nitasimama. Akasema safari ni ya siku nzima, kusimama hairuhusiwi, na asiye na tiketi atashushwa kituo kinachofuata, na huko itakuwa vibaya zaidi kwa mgonjwa.

Halafu akamtazama baba. Alimtazama kwa muda, jinsi alivyokaa kaegemea upande mmoja kuukwepa mgongo, mvi zake, mikono yake juu ya magoti. Akapekua karatasi. Akasema kuna kitanda kimoja cha wazee ambacho mwenyewe ameghairi dakika za mwisho. Kama baba ametimiza sitini anaweza kumpa hapo hapo. Sijui kama sheria yao inaruhusu hivyo. Ninachojua ni kwamba hakuomba pasipoti. Aliinama hadi uso wake ukawa sawa na wa baba, akamuuliza, na huku akiuliza alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali, kama unavyomsaidia mtoto jibu: "Sitini, mjomba? Sitini, siyo?"

Baba aliona koti. Aliona karatasi yenye majina. Akanyoosha ule mgongo, na najua ulivyomgharimu, akajibu kwa Kiingereza cha kwenye fomu, kwa sauti ya mtu aliyejibu hivyo mbele ya maofisa maisha yake yote ya kazi: "Hamsini na tisa, bwana."

Mkaguzi akanigeukia mimi. Alinipa nafasi. Sentensi moja tu ilitakiwa, wala siyo ndefu: baba yangu ana miaka sitini na minane. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini pasipoti ilikuwa ndani ya mkoba wangu, na namba iliyokuwa humo niliichapa kwa vidole vyangu, na baba alinishika kifundo cha mkono. Akaniambia kwa Kiswahili, chini chini, "Mama, usiseme. Mwakani nastaafu. Ukisema hapa, na kule watajua."

Nilinyamaza.

Yule mkaguzi alisubiri kidogo zaidi ya ilivyompasa. Halafu akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaita jina la mtu mwingine. Treni iliondoka na kitanda changu cha chini kikiwa kitupu. Baba aliitazama hadi behewa la mwisho, akasema ni gari zuri, linaondoka bila kushtua abiria.

Ndege za ndani nazo zilikuwa zimejaa kwa sikukuu, na Jumamosi ndege yetu ikaondoka Mumbai sisi tukiwa Chennai. Nyingine yenye nafasi ilikuwa ya juma lililofuata.

Jumapili nilikwenda kwa wakala. Nilikaa kwenye kiti cha mteja. Hakunicheka safari hii. Akasema tena neno lile lile, barua, na mara hii nikamsikiliza hadi mwisho. Mgonjwa anayerudishwa nyumbani, daktari akimwandikia barua, huwa zipo nafasi za dharura ambazo mtandaoni hazionekani kabisa, zinaombwa ofisini kwa karatasi na kwa maelezo. Umri haujalishi. Angekuwa na miaka mitano au mia, ni sawa. Aliponiuliza siku ile kuhusu umri alitaka kujua tu njia ipi ni fupi, ya wazee au ya wagonjwa. Anauliza kila mtu. Mimi ndiye wa kwanza, alisema, aliyemkimbia.

Daktari aliandika barua kwa dakika tano. Wakala akaipeleka mwenyewe ofisi za reli, akarudi, akaniambia Alhamisi tutasafiri. Nilimshukuru kwa sauti ambayo sikuijua.

Baba alifariki Jumatano asubuhi. Alikuwa hajaamka vizuri tangu Jumatatu. Nilikuwa namlowesha midomo kwa pamba, jua likiingia dirishani, na wapishi wa nyumba ile wakigonganisha masufuria chini. Alifungua macho akasema, "Mama, nimechelewa?" Sikujua anamuuliza mama yupi. Nikamwambia hapana, hujachelewa. Sijui kama huo ni uongo wa kusamehewa.

Alhamisi simu yangu ililia, ujumbe wa reli. Vitanda viwili vya chini, vinavyotazamana. Nilimpelekea wakala simu yangu avifute, maana safari hii mikono yangu haikuweza kubonyeza. Alivifuta, akaizima kompyuta, akafunga kibanda chake mapema, akanisindikiza kwenye ofisi ya vibali vya maiti. Hakuna aliyemtuma. Nimeyasema haya kwa sababu watu huuliza mawakala ni watu wa namna gani.

Tulirudi kwa ndege hadi Mwanza, halafu kwa gari. Bunda madereva wenzake walitusubiri barabarani na magari ya halmashauri, wakawasha taa mchana kweupe, wakatusindikiza hadi Butiama na kuingia Buswahili. Siku ya maziko mwakilishi wa mwajiri akasoma wasifu: marehemu alikuwa mtumishi mwadilifu, ametutoka akiwa na miaka hamsini na tisa, mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Wazee waliocheza naye utotoni wakatazama chini. Hakuna aliyemchoma. Siri yake ilifika salama, ndiyo iliyofika.

Bibi hakulia mbele za watu. Siku ya tatu baada ya maziko aliniita nikae naye jikoni, akanikatia kipande cha ugali wa mtama, akasubiri nimalize. Halafu akaniuliza kwa Kizanaki, polepole, kama mtu aliyelipanga swali muda mrefu.

"Mlisema mtakuja Jumapili. Kwa nini mlikawia?"

Nikamwambia treni ilijaa.

Treni hajawahi kuiona, na reli huku kwetu haijafika. Nikamweleza ni gari refu, limeunganishwa na mengine mengi, ndani yake kuna vitanda, na linabeba watu wengi kuliko kijiji hiki. Akasikiliza kwa makini. Alitaka kuona mahali mwanawe alipokwama.

"Vijana walikuwemo humo?"

"Walikuwemo."

"Na mwanangu walimwona, mgonjwa, na mvi zake?"

"Walimwona, bibi."

Akaweka kisu chini. "Gari lote hilo, mjukuu wangu, na hakuna hata mmoja aliyemwinukia mzee?"

Alinitazama akingoja, na kwenye macho yake niliona kwamba hanilaumu mimi, analaumu watu wa mbali ambao mama zao hawakuwafundisha. Nikainamisha kichwa. Nilishindwa kumwambia kwamba yupo mmoja aliyeinuka, yule wa koti jeusi, na kwamba ni sisi wenyewe tuliomrudisha akae.